Shuka ya Nyuma ya Picha

Siku ya soko la Djenné, pantoni hubeba mbuzi wengi kuliko watu. Mpiga picha mmoja alikumbatia shuka ya buluu iliyochakaa. Mama aliyeketi kando yake akamuuliza ukoo. "Diarra." Akaangua kicheko: "Kumbe mla kunde! Mimi Traoré." Koo hizo hutaniana hata msibani, na kuitana mla kunde ndio utani wenyewe; nami niliyesinzia karibu yao nikajua usingizi wangu umekwisha.

"Na hilo tambara, mla kunde?"

"Ndiyo studio yangu, mama. Naitundika ukutani, watu wanasimama mbele yake. Leo nanunua nyingine, hii nitapigia deki."

Kicheko kikamkatika. Akatoa picha mkobani: kijana mbele ya shuka ileile. "Modibo wangu. Ulimpiga kabla hajapanda boti ya kwenda Uhispania. Boti ilizama. Nipe hiyo shuka."

"Nitakuchapishia picha kubwa, mama."

"Picha ninayo! Hiyo aliiegemea. Kaburi sina. Na mtani hanyimwi."

Diarra akaishika kwa nguvu. "Walikuja vijana tisa wa boti hiyo siku ile, mama. Wote waliiegemea."

Pantoni likagonga ukingo. Mbuzi walishuka, tukashuka. Wao walibaki, kila mmoja ameshika ncha yake ya shuka.