Dada Aliyeziuliza Mashine Zina Nini

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake dada yetu, mimi ni kitinda mimba wa nyumba hii, na familia imenituma niwasomee maisha yake, ingawa yeye mwenyewe angenionya nisome polepole na nisitie chumvi.

Dada, ambaye wengi mlimwita Fundi Chagua, alizaliwa tarehe 3 Novemba 1966, katika chumba cha nyuma ya cherehani za baba, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, na mama alikuwa akisema kwamba alianza kuuliza maswali kabla hajaota meno. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1974 hadi 1980, sekondari hadi 1984, akahitimu kupiga chapa mwaka 1986, na Jumatatu tarehe 2 Machi 1987 akaajiriwa kuwa mpiga chapa katika masjala ya hospitali, chumba chenye dirisha moja na majalada hadi darini.

Jumanne tarehe 4 Juni 1996 hospitali ilipokea kompyuta kumi na moja zilizokwisha kutumika, akaitwa mhandisi, akajaribu kuweka mfumo endeshi katika tatu, zote zikaganda, akaandika kwamba zitupwe, na mganga mkuu alikuwa ameshika kalamu atie saini pale dada, aliyeingia kuleta barua, alipoomba apewe wiki moja. Walicheka, naye akacheka nao, lakini wiki akapewa.

Kwa msioijua kazi hiyo, mfumo wa kompyuta una kiini, na kiini hicho hakiwezi kuongea na diski, skrini wala waya wa mtandao mpaka kipewe vipande vidogo vya programu viitwavyo moduli, na anayeweka mfumo huulizwa achague zipi. Mhandisi alikuwa amechagua zote, kwa hofu ya kuacha kitu, na mashine zile zenye kumbukumbu ndogo zikavimbiwa. Dada alifungua kifuniko kimoja baada ya kingine, akasoma maandishi ya kila kadi kwa kioo cha kukuzia, akayanakili daftarini, akachagua moduli zile tu zilizohitajika. Kumi zikaamka. Ya kumi na moja ikakataa kuiona diski yake, akahangaika nayo siku mbili, mpaka akagundua kwamba kosa ni lake, kwani moduli ya kusomea diski alikuwa ameiweka ndani ya diski ileile, sawa na mtu aliyefungia ufunguo ndani ya nyumba, basi akaiunganisha na kiini chenyewe, mashine ikawaka, na korido nzima ikasikia vigelegele vyake.

Mhandisi alikuja kujionea, akauliza amewezaje, dada akamjibu, "Wewe uliamua zinahitaji nini. Mimi niliziuliza zina nini." Mhandisi akarudi wiki iliyofuata bila kuitwa, na nyingine tena, hadi mganga mkuu akataka kujua ni kompyuta gani inayougua kila Alhamisi, na yeye na dada wakafunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Desemba 1998; mhandisi huyo ndiye shemeji yetu aliyeketi hapa mbele, na kisa hiki ameniruhusu nikisome. Tarehe 21 Mei 2000 walijaliwa mapacha, mabinti wawili, na hadi anastaafu mwaka 2021 dada alikuwa amewafundisha kazi makarani arobaini na sita, bila kumbonyezea hata mmoja wao kitufe.

Agosti 2022 moyo ulianza kumsumbua, akalazwa mara tatu, na mara ya mwisho, Januari 2024, alimwona muuguzi akisubiri kompyuta ya wodi ifunguke hadi chai ikapoa, akaomba ruhusa, akawaelekeza mabinti zake kutoka kitandani, moduli hii toeni, hii acheni, na ilipofunguka wagonjwa walipiga makofi. Asubuhi ya Ijumaa tarehe 9 Februari alimwuliza shemeji avae gauni gani, shemeji akasema lolote, akamwambia, "Lolote siyo jibu, mume wangu," shemeji akachagua la kijani, akamvisha, wakacheka, na saa nne na dakika kumi akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliopika na kufua kwetu bila kuombwa, na nyinyi wa masjala, mliofunga dirisha leo mje kumsindikiza.

Kapumzike, dada yetu, tulifurahi sana kuwa wako.