Kichwa cha Zamani, Kifua cha Juzi

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, na familia imeniomba niwasomee maisha yake. Mtanisamehe sauti yangu. Nina majonzi, na nina hasira pia.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa kwanza wa seremala na mshonaji nguo. Alianza shule mwaka 1963 na kumaliza sekondari 1974. Walimu walimlalamikia jambo moja tu: asipojua jibu alisema "sijui", na hakuna fimbo iliyomfanya abahatishe.

Mwaka 1979 aliajiriwa katika nyumba ya mnada wa vitu vya kale, kwanza kufuta vumbi, na kuanzia 1988 akawa mthamini. Wenzake walimwita Tochi, kwa kuwa hakutembea bila tochi mfukoni.

Alifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1984. Siku alipokwenda kuposa aliona chombo cha maua mezani, akakipindua atafute muhuri wa kiwanda, na maji yote yakamwagikia mapajani mwa mama mkwe. "Baba," mama akamwuliza, "umekuja kuposa au kupiga mnada?" Posa ilikubaliwa hivyo hivyo. Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2011 ililetwa ofisini sanamu ya kichwa na kifua cha mwanamume mwenye kilemba, ya aina ile ambayo wachongaji wa Ulaya wa zamani walichonga wakiwawazia watu wa Mashariki. Uso ulikuwa wa marumaru nyeusi, kilemba cha manjano, joho jekundu lenye mishipa myeupe. Kila aliyeiona aliduwaa. Marehemu aliikagua siku tisa. Shingoni, chini ya ukosi, alikuta gundi mpya, na mgongoni alikuta mikwaruzo ya mashine ya umeme. Akaandika: "Kichwa ni cha zamani na ni kizuri sana. Kifua ni cha juzi. Havikuzaliwa pamoja."

Mkurugenzi alitaka neno moja tu, "kamili". Kaka alikataa. Akahamishiwa stoo ya viti vibovu, akakaa huko mpaka alipostaafu mwaka 2016. Mimi mwenyewe nilimwambia, "Kaka, saini yaishe. Jiwe ni jiwe." Hakuongea nami wiki mbili. Nilimwona mkaidi kama punda, na leo naona aibu kulisema hilo mbele yake.

Aliugua koo tangu Agosti 2022. Mwezi wa nne mwaka huu sauti ilimkauka kabisa, ikawa anatuandikia kwenye daftari. Alifariki Jumanne, tarehe 6 Juni 2023, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Hapo ningemaliza. Lakini juzi mkurugenzi alikuja msibani na karatasi. Makumbusho inaitaka ile sanamu, ila haiichukui bila neno la Tochi. Akaniambia, "Dada, ongeza sentensi moja tu kwenye wasifu. Nilipomtembelea tarehe 30 Mei aliniambia kwa mdomo wake kwamba ni kamili."

Kwa mdomo upi? Miaka mitano mlimweka na viti vibovu, leo hata maiti yake mnaitafutia saini! Daftari tunalo. Ukurasa wa tarehe 30 Mei, kwa mwandiko wake unaotetemeka, unasema: "Mgeni haondoki. Mwambieni kifua si cha kichwa kile."

Niliombwa sentensi moja; ya kaka mwenyewe ni hiyo ya daftari. Nimeiongeza, na imechapwa kwenye vijitabu mlivyoshika.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mkwe mmoja, wajukuu watatu, na mimi mdogo wake niliyechelewa kumwelewa.

Lala kwa amani, kaka. Hatujakusainia, na hatutakusainia.