Konzi ya Shangazi

Ijumaa ijayo, tarehe thelathini, Shangazi atafunga lango la mabanda kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na moja, miezi minne na siku kadhaa ambazo ofisi ya utumishi imezihesabu na mimi nimeshindwa. Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa sababu ndimi mtunza stoo wa kituo hiki cha mafunzo ya ufugaji kuku, na inadhaniwa mtu wa stoo anajua kilichoingia na kilichotoka. Haya, naandika. Ila nakiri mapema kwamba kinachotoka safari hii sina fomu yake.

Aliingia hapa kama mfagiaji wa banda namba mbili. Alikuwa binti mwembamba mwenye mtoto mgongoni, na mkuu wa kituo wa enzi hizo alimpa kazi ya miezi mitatu, ya majaribio tu. Hiyo miezi mitatu ndiyo inayoisha Ijumaa.

Kilichomtoa kwenye ufagio ni mchwa. Mwaka wake wa pili gari la chakula lilichelewa wiki mbili nzima, na vifaranga wakaanza kunyong'onyea. Wakubwa waliitisha kikao. Yeye alikwenda jikoni, akabeba vyungu vitano vikuukuu, akavijaza mabua na kinyesi kikavu cha ng'ombe, akavinyunyizia maji na kuvifudikiza juu ya udongo nyuma ya stoo. Siku ya nne alipovifunua, mchwa walikuwa wamejaa pomoni. Mkuu alikuja kuuliza ni nani ameiba vyungu vya jikoni, akakuta vifaranga wanakimbizana kugombea mchwa, akalisahau swali lake. Mpishi hakulisahau. Mpaka anaondoka kazini, mpishi yule alikuwa akimwona Shangazi anakatiza uani, anavuta vyungu vyake ndani.

Baada ya hapo akakabidhiwa ulishaji, na miaka kumi baadaye usimamizi wa mabanda yote. Maganda ya mayai yaliyotupwa jikoni aliyaosha, akayachemsha, akayaanika na kuyatwanga, kuku wa mayai wakarudishiwa chokaa yao. Majivu aliyachanganya na mchanga mkavu kwenye karai, kuku wakaoga humo na utitiri ukapungua. Mchicha hakuumwaga chini hata siku moja. Aliufunga mafungu akauning'iniza kwa kamba, usawa wa kuku kurukia, kwa maelezo kwamba kuku aliyekaa bure huanza kumdonoa mwenzake mkia. Wanafunzi waliokuja na madaftari mapya waliondoka na madaftari yenye madoa ya vitunguu saumu, na kila mmoja alimwita Shangazi kabla hajajua jina lake. Nami nilimwita hivyo hivyo, ingawa amenipita miaka minane tu.

Kuna jambo moja ameniagiza nisiliruke. Amesema nikiliruka hatakaa kwenye kiti cha mbele siku ya sherehe. Mwaka wake wa sita kideri, tauni ya kuku, kiliingia mtaani. Majirani walichanja kuku wao, yeye akasema ana shubiri na ana pilipili, hana haraka. Banda namba mbili lilikwisha lote ndani ya wiki moja. Aliwazika mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Tangu siku hiyo kila darasa lake limeanza kwa kuwasimamisha wanafunzi mbele ya banda hilo na kuwaambia walikufa wangapi na kwa nini. Majani, huwaambia, ni ya kumpa kuku nguvu na tumbo zuri. Kideri hakina jani, kina chanjo, na chanjo ina tarehe. Hajawahi kuipitisha tarehe tena.

Sasa nije kwenye ugomvi wetu. Mimi ni mtu wa vipimo. Stoo yangu ina mizani tatu na zote zinasema kweli. Shangazi hakupima kitu maishani mwake. Kila kitu kwake kilikuwa konzi. Konzi moja ya saumu, konzi tatu za majani ya mpapai, na shubiri iliyokatwakatwa, konzi mbili kwa pipa la maji. Nikimuuliza konzi moja ni gramu ngapi, ananionyesha ngumi yake na kuendelea na safari.

Mwaka binti yake alipojifungua, alichukua likizo ya wiki moja na kuniachia mabanda. Aliniachia maagizo ya mdomo, nikayaandika neno kwa neno. Tatizo ni kwamba nilizaliwa na mikono ambayo duka la glavu halina saizi yake. Nilitia konzi zangu mbili za shubiri katika kila pipa, kwa uaminifu kabisa, siku tatu mfululizo. Lo! Waliokunywa waliharisha, wasiokunywa walisinyaa, na mayai yakashuka kwa nusu. Shangazi aliporudi hakufoka. Aliushika mkono wangu, akaukunjua, akauweka wake juu. Wake uliishia katikati ya vidole vyangu.

“Bwana Stoo,” alisema, “mimi nilisema konzi. Sikusema beleshi.”

Kituo kizima kiliniita Beleshi kwa mwaka mmoja na nusu. Nimesamehe, ila majina ninayo.

Kuanzia hapo nilimwandama kwa mizani. Nilitaka konzi yake iandikwe ukutani ili siku asipokuwepo tusiwaumize kuku. Alikataa kila mara. Alisema mkono unajua, kwamba siku ya baridi unafumba zaidi, siku ya joto unalegea, na kwamba mizani haiwezi kumtazama kuku usoni. Tulibishana hivyo miaka mingi, na sasa naona nilikuwa naupenda ule ubishi kuliko nilivyojua. Barua ya kustaafu ilipobandikwa niliogopa. Niliwaogopea kuku, hilo nilimwambia kila mtu. Nilijiogopea na mimi, na hilo nalisema hapa kwa mara ya kwanza.

Wiki iliyopita nilijaribu kulisha mwenyewe, yeye akiwa amekwenda kwa daktari wa macho. Niligonga debe mara tatu kama anavyogonga. Kuku walikuja mbio, wakasimama, wakatazama nyuma yangu. Walikula, lakini walichukua muda.

Tulikuwa tumepanga kumpa zawadi ya tetea kumi na jogoo mmoja. Katibu muhtasi akaniuliza kama najua Shangazi anahamia wapi. Anakwenda kwa binti yake, yule aliyekuja naye mgongoni, ghorofa ya tatu, kwenye jengo ambalo mwenye nyumba amepiga marufuku hata njiwa. Binti anampenda na wajukuu wanamngoja kwa hamu. Lakini ni nyumba isiyo na kuku, na Shangazi hajaamka bila kusikia kuku tangu akiwa binti. Tukabadilisha zawadi, tukanunua blanketi. Hakuna aliyechangamka siku ya kulichagua.

Jumatatu alikuja stoo, akafunga mlango, akaomba kikombe cha bati na msumari. Alichota pumba, akafumba, akamimina kikombeni, akatikisa zilale sawa, akachora mstari kwa msumari. Akachota tena, mstari wa pili. Akachota mara ya tatu. Akazitazama, akatikisa kichwa, akazirudisha pumba za tatu akaanza upya mpaka aliporidhika. Kisha akanikabidhi kikombe.

“Mkono wangu huo. Usiupoteze.”

Nilitaka kumwandikia risiti, ndiyo kawaida ya stoo, lakini sikuiona karatasi vizuri. Yeye akajifanya anapanga magunia. Halafu, bado amenipa mgongo, akaomba kitu kimoja, na katika miaka thelathini na moja sikumbuki ombi lake jingine la nafsi yake.

“Ukiwalisha asubuhi, nipigie. Usiongee. Weka simu juu ya ukuta, ugonge debe.”

Basi, kwa niaba ya mkuu wa kituo, walimu, madereva, jiko ambalo bado linakudai vyungu vitano, na wanafunzi wote waliokuita Shangazi, tunakushukuru kwa kazi ya mikono yako. Ukakae salama kwa mwanao, macho yapone, wajukuu wakuchoshe vya kutosha, na blanketi likutoshe. Kikombe kinaning'inia kwenye msumari ule ule uliochorea, pembeni ya mlango wa stoo, na hakuna atakayekigusa bila kunawa mikono.

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, simu yako italia. Pokea, Shangazi. Nitagonga mara tatu, halafu nitasogea pembeni, nao watakuja.