Kisu Nilichokiogopa Kuliko Uvimbe

Bwana asifiwe, kanisa! Mimi ni mama yenu wa hapa Kabuchai, na leo nasema jambo nililowaficha hata nyinyi wenzangu wa maombi.

Nilikuwa napalilia shamba nikajigusa titi, nikakuta kitu kigumu kama punje ya mahindi. Hakikuniuma, nikanyamaza. Ndugu zangu, nilinyamaza misimu miwili! Jirani yangu alipasuliwa uvimbe kama huo akafa, na sisi wote tukasema ati kansa ikiguswa na kisu inasambaa. Mimi niliamini kabisa.

Siku moja binti yangu akaniona nikibadilisha nguo, akauona uvimbe. Akalia sana. Mume wake ni daktari huko Kitale, lakini woi, mkwe! Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawaangaliani usoni, sembuse kumwambia habari ya titi! Nikakataa katakata kumwona. Binti akamwambia, basi yule kijana, na heshima zake zote, akaja akaketi nje ya dirisha langu, akanipa mgongo.

"Mama," akasema, "mwili umejengwa kwa seli. Seli nzuri hugawanyika zikihitajika, kisha huacha. Moja ikiharibika inagawanyika tu bila kuacha, mpaka uvimbe unajitafutia mishipa ya damu ya kuulisha. Halafu seli zingine hubanduka, zinaingia kwenye mishipa, zinafika tezi za kwapa, mapafu, mifupa. Si kisu kinachoanzisha hiyo safari. Yule jirani alichelewa, mama. Zilikuwa zimeshasafiri."

Nililia. Misimu miwili nimezipa seli hizo nafasi, na hiyo nilikuwa naiita imani!

Nikaenda Kitale. Walichukua kinyama kidogo wakapima, ikawa ni kansa kweli. Wakatoa titi, na tezi moja ya kwapa ilikuwa imeshaingiliwa. Dawa zilinitapisha, nywele zikaisha, nikamwuliza Mungu yuko wapi. Lakini mapafu safi! Mifupa safi! Haleluya! Nilikuwa naomba jibu kutoka juu, kumbe Mungu amelituma likae nje ya dirisha.

Ndugu zangu, sijui nimebakiza miaka mingapi. Bado narudi kupimwa, na bado naogopa kila nikirudi. Lakini najua kuna mama hapa ambaye sasa hivi mkono wake uko kifuani, ndani ya leso. Sikulaumu, mama, huo woga naujua. Mtumaini Mungu, lakini usikae na hicho kitu. Ibada ikiisha sitoki, nitakungoja benchi la nyuma, na kesho asubuhi tutaenda hospitali pamoja. Hutaenda peke yako.