Ndani Kukoje?

Asubuhi hiyo benchi lilijaa mapema. Liko nyuma ya maktaba, limeuegemea ukuta wake, na kila anayelikalia huuona ukuta ule kama mali ya baba yake. Redio ilikuwa imetangaza kwamba serikali itazifunga maktaba zisizo na wasomaji, na mkaguzi yuko njiani. Msumari, fundi viatu, hakuwa amepata usingizi. Binti yake ndiye mkutubi humo ndani. Maktaba ikifungwa atahamishiwa mbali, na mzee atabaki na nyumba tupu. Aliogopa sana, na akiogopa hufoka.

— Serikali gani hii! Barabara zina fungu, mpira una fungu, vitabu vinaambiwa vijitegemee. Kitabu kitajitegemea vipi? Kitalima?

— Tulia, fundi, alisema Waziri, mtengeneza redio ambaye hajawahi kuishiwa majibu. Dawa ni sera. Makumbusho yanavuja, maktaba imepwaya. Ziunganishwe! Vyungu vya kale vipangwe rafuni, katikati ya vitabu. Ukichoka kusoma, unatazama chungu.

— Na chungu kikianguka? aliuliza Bi Mvuke, muuza kahawa, huku akimimina.

— Kinakuwa cha kale zaidi.

— Nyie hamna lolote. Mimi ningepitisha sheria: hakuna kuoa mpaka umalize kitabu kizima, na bibi harusi mwenyewe akuulize maswali.

— Bi Mvuke, utamaliza ndoa nchi nzima!

— Nitamaliza za ovyo tu.

Waziri hakukubali kupitwa.

— Basi sikilizeni. Mwanasiasa akistaafu, moja kwa moja makumbusho. Kabati la kioo, na maelezo chini: huyu aliahidi hiki na kile. Watu watajaa! Kiingilio kiendeshe maktaba.

— Na nani atamfuta vumbi? aliuliza Msumari.

— Wapambe wake. Kazi wameizoea.

Msumari alicheka mpaka akajishika mbavu, hofu ikamtoka kidogo. Hapo ndipo walipomwona mama mmoja mwenye mkoba begani, amesimama kando, naye anacheka.

— Shikamooni wazee. Natoka wizarani, nimekuja kukagua maktaba. Nimefurahi kuona inapiganiwa hivi. Hebu niambieni, ndani kukoje?

Waziri alikohoa.

— Ndani... ndani ni kwa maktaba, mama, sisi ni wa nje.

Bi Mvuke akaanza kulichokonoa jiko ambalo halikuwa na tatizo lolote. Msumari aliujua ukuta ule kila ufa, kwa mgongo wake, lakini ndani hakuwahi kutia mguu. Binti yake alimkaribisha mara nyingi, naye jibu lake likawa lilelile: kesho, mwanangu. Aliona aibu, tena aibu ya kweli.

— Mama, usiandike kitu kwanza, alisema, akainuka na kikombe chake. Jamani, twendeni.

Wakauzunguka ukuta, mkaguzi nyuma yao. Mlangoni binti alimtazama baba yake, akautazama msafara mzima, machozi yakamlengalenga. Lakini kazi ni kazi.

— Karibu baba. Karibuni wote. Ila kahawa inabaki nje.

Msumari alikitazama kikombe, kilikuwa bado kimejaa. Akakiweka kizingitini, akaingia. Waziri akamaliza chake kwa funda moja, kahawa ikamuunguza koo, akamfuata.