Siku Mawaridi Yalipommwagilia Mwanamke Maji

Ndugu zangu, mtanivumilia. Nikinyamaza katikati msinitajie neno. Liko njiani, litafika.

Mimi ni mwalimu wa sarufi ya Kiarabu. Nilizaliwa Mombasa, nikaolewa nikaletwa Nairobi, na kwa miaka mingi nimewafundisha wanawake watu wazima katika chumba cha ghorofani, huko katikati ya jiji. Njia yangu ni moja: tunachukua sentensi tunaichambua neno kwa neno. Hiki kitendo. Huyu mtenda, mwisho wake unasikika 'u'. Huyu mtendwa, mwisho wake 'a'. Ukiubadilisha mwisho, umeigeuza dunia.

Asubuhi moja nyumbani Kileleshwa nilikuwa namimina chai. Kikombe kikajaa, kikafurika, nami naitazama chai ikitambaa mezani kana kwamba meza ni ya watu wengine. Mume wangu akauliza, "Mama, vipi?" Nilitaka kumjibu. Hakikutoka kitu. Kilikuwa kiharusi.

Hospitalini mkono ulirudi, mguu ukarudi. Maneno yakabaki huko yalikokwenda. Nyinyi mliopitia kiharusi mnajua, si giza. Ni weupe, kama ukungu wa Julai. Nilikaa dirishani, mjakaranda unadondosha maua yake juu ya magari, nami najua ni kitu kizuri, sijui kinaitwaje. Kiswahili na Kiarabu vilikuwa kama sauti za majirani nyuma ya ukuta. Wageni waliniuliza hali, kisha wakamgeukia mume wangu awajibu. "Amekula? Amelala?" Wakinisema hivyo mbele yangu, nikaona afadhali nisijaribu tena. Mtaalamu wa mazoezi ya kuongea alipoleta picha zake za paka na kijiko, nilifumba macho.

Alasiri moja akaja mwanafunzi wangu, mama muuza vitambaa, mzaliwa wa Kiambu aliyesilimu ukubwani. Sarufi ilikuwa ikimtesa, maskini. Hakuniuliza hali. Alivuta kiti, akatoa karatasi ya zoezi, maneno yake hayana irabu za mwisho.

"Mwalimu, hii imenilemea. Wewe sikiza tu."

Akasoma: "Saqati-l-mar'ata-l-wardu." Kisha akaanza kuchambua, kidole kwenye neno. "Saqat, kitendo, kumwagilia maji. Al-mar'ata, mwanamke. Al-wardu, mawaridi, iko na 'u', ndio mtenda. Kwa hivyo maua imemwagilia mama maji. Ama?"

Ndugu zangu, nawaambia niliyaona. Mawaridi mekundu yameinama, yanamimina maji taratibu, na mwanamke amesimama kwenye udongo, ameloa, ametulia, anangoja kuchanua. Ilikuwa ndoto tamu. Ningeweza kukaa humo humo. Lakini kitu kilinikwaruza kooni, kero ya mwalimu aliyesikia kosa.

"Siyo," nikasema.

Jikoni mume wangu akaangusha kifuniko cha sufuria.

"Mar'a... tu," nikasema. "Tu! Mwanamke... ndiye... anamwagilia."

"Mwalimu! Umeongea!"

"Soma tena."

Akasoma huku analia, akakosea palepale. Nikamsahihisha. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni.

Tangu hapo mwanafunzi wangu akawa anakuja na sentensi zake, na kila kosa lake lilinitoa neno jingine. Mtaalamu aliposikia, aliziweka kando picha za paka, akamwomba mwanafunzi wangu naye akae kwenye mazoezi yetu. Baadaye nilimshukuru yule mama kwa ujanja wake wa kukosea makusudi. Akanishangaa. "Ujanja gani, mwalimu? Mimi nilikuwa sijui. Kuna mwingine ningemwuliza?"

Nimerudi darasani sasa, polepole. Jumamosi iliyopita yule mama alisimama akachambua sentensi ndefu mbele ya wenzake. Nilitafuta kosa, nikalikosa.

Namshukuru Mola. Namshukuru mume wangu, aliyenisemea bila kuchoka, kisha akajua wakati wa kunyamaza. Namshukuru mtaalamu kwa subira yake, na mwanafunzi wangu, ambaye kwake sikuacha kuwa mwalimu hata siku moja.

Nanyi mlio na mgonjwa nyumbani, yumo ndani, anawasikia. Kama alikuwa fundi, mpelekeeni kilichoharibika. Kama alikuwa mpishi, mwulizeni chumvi. Kisha kaeni naye, na msiwe na haraka ya kumjibia.