Papa Médard na Wamama wa Chini ya Barrage

Nyinyi wakubwa wa biro, mupate haya kidogo. Papa Médard anamaliza miaka makumi tatu na munane pa barrage yetu, huu ukuta wa kuzuia mto, tarehe 30 mwezi wa sita anarudisha kofia, na mumemuandikia musitari moja tu: "Agent wa vanne, mutu wa nidhamu." Hata ndizi ya makemba ya soko inasifiwa kuliko hiyo. Bon, mimi Koko Philomène wa kantini, mwenye kuishia mwaka ya tatu primaire, nitaandika. Mutu asinirekebishe.

Alifika kijana mwembamba kutoka Isangi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuvuta Congo ya sika, yale majani yenye maua ya zambarau, isizibe grille, vile vyuma vya kuchuja maji. Siku moja kisiwa cha majani kilikuja polepole, kuku juu yake, analalia mayai. Chef akasema kivunjwe. Papa Médard akakivuta pembeni, akakifunga kamba kama pirogue ya muvuvi, akangoja siku tisa. Vifaranga sita. Wajukuu wa kuku ule mumewakula kwangu na pondu ya majani ya mihogo, hamukuuliza walitoka wapi.

Asubuhi alisimamaka juu ya ukuta. Ukungu umelala juu ya ziwa, musitu umegeuka kichwa chini ndani ya maji, wavuvi wanapita kimya kama wanapiga kasia mu mawingu. Mulisema analala macho wazi. Alikuwa anasikiliza maji. Ile maji ndiyo taa yenu, robinet yenu ya nyumbani na samaki ngolo yenu ya kukausha. Mambo ya kilowati muulize wengine.

Tena, mbele ya kufungua vanne, ile milango ya maji, alishuka ngazi zote mpaka chini, kule wamama wanaloweka mihogo na kufua nguo. Anasalimia kila mumoja kwa jina lake. Wakimuona, wanatoka. Miaka yote hiyo, maji haikuchukua hata mutoto mumoja.

Mwaka jana mukaleta sirène, king'ora cha kuonya watu watoke mu maji. Ikalia mpaka nyani wa musitu wa Masako wakajua. Wamama wakaendelea kusugua. Mumoja wao, Mama Karima, akasema, "Iache ilie, pengine iko na njaa. Papa Médard hajashuka, basi maji nayo haijashuka." Ikabidi Papa atoke kantini, fufu mu kinywa, akimbie na lile goti lake bovu.

Sasa anaenda kwa shamba yake, Lubunga. Aksanti, Papa Médard. Ulale mpaka jua ikuamushe, kuku wakutagie, na maji ikupitie mu ndoto bila kukuomba kitu.

Lakini wale wamama watabaki ndani ya maji wakikungoja. Ndiyo maana ninaandika. Tania, wewe unayechukua kazi yake, funguo ya vanne ni yako sasa. Kesho asubuhi vaa buti, umushike Papa mukono, mushuke wote wawili. Akusimamishe katikati yao, aseme huyu ni mutoto wangu. Ujifunze majina yao yote. Na mpaka Mama Karima akuite kwa jina lako, vanne ibaki imefungwa.